Mama Picha na Gololi za Baiskeli

Kwa miaka tisa nilimsikia Mama Picha akisema uongo uleule, kila siku ya kazi, mara tano au sita kwa siku, wala sikuwahi kumwona akiona haya. Mama anaingia chumbani, anaiona mashine, anarudi hatua moja nyuma. Yeye anamshika mkono na kumwambia, "Usiogope, mama. Haiumize, inafinya tu. Minye mwenyewe nilishafanya." Minye kwetu ni mimi. Yule mama anatulia, kwa sababu mwenye kusema ni mtu mzima, shemasi wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nani angedhani mtu wa namna hiyo anaweza kudanganya mchana kweupe?

Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya mashine ile. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeandika rejista. Tangu mashine ile ya kupiga picha za matiti ilipotolewa kwenye kontena na kuingizwa kwenye kituo chetu hapa Uvira, kila mwanamke aliyesimama mbele yake alipita kwenye kalamu yangu, na jina la huyu halikuwamo. Mimi mwenyewe nilisimama mwaka wa pili, naye ndiye aliyenipiga. Niliumia. Nilipomwambia kwamba inauma, alinitazama juu ya miwani akasema, "Weye uko na ngozi ya kizungu."

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Dada yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa wa titi, zamani, kabla mashine haijafika huku. Kwa hiyo yeye alipaswa kuwa wa kwanza kabisa kupimwa, na alilijua hilo kuliko sisi wote, maana ndilo alilowahubiria wengine. Nilimwomba mwaka wa tatu kwa adabu, mwaka wa tano kwa utani, mwaka wa saba kwa hasira. Jibu lilikuwa moja. "Juma lijalo, Mama Furaha." Nilihesabu majuma hayo kwa hofu, kwa sababu nilimpenda na sikutaka aende kama dada yake.

Watu walimwita Mama Picha. Jina lake analo, na liko kwenye vyeti vyake, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Hata mume wake aliuliza kwenye dirisha la mapokezi, "Mama Picha ametoka?"

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya barabarani. Akiwa uani anamwambia mlinzi afunge geti, wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama. Ya pili aliitoa nyuma ya pazia tu, na ilikuwa ndogo, ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mgeni aliyemsikia uani akaja kumsikia nyuma ya pazia alidhani kuna wanawake wawili. Mimi nilizoea, ila nilimtania kwamba ile ndogo anaikodi mahali.

Pazia lenyewe lilikuwa kikwembe, yaani kitenge, cha sherehe ya wanawake, chenye picha za kuku na mayai. Kabla yake kulikuwa na mlango tu, na mlango ukifunguliwa kila mtu kwenye benchi anaona ndani. Mama Picha alileta kikwembe chake kutoka nyumbani akakitundika. Halafu akashona kanzu sita za wagonjwa, zenye vifungo upande wa kulia na upande wa kushoto, ili mtu afungue nusu na kuficha nusu. "Leo tunafungua dirisha moja," alisema nyuma ya kuku na mayai. "Lile lingine bakisha limefungwa, mpaka nikuambie." Kina mama walicheka, na mtu aliyecheka mabega yake hushuka. Bila mabega kushuka picha haitoki vizuri. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kwangu.

La pili lilikuwa la thamosi. Alikuja kazini na thamosi mbili. Moja ilikuwa na maji ya mubirizi, ile dawa ya majani machungu, ambayo alikunywa huku akikunja uso na kusema inafukuza malaria. Nyingine ilikuwa na maji moto. Alilowesha taulo, akalikamua, akalilaza juu ya sahani ya mashine mpaka ipate joto, ndipo akamwita mgonjwa. Mkuu wa kituo alimwambia siku moja kwamba sahani baridi haiharibu picha. Alijibu, "Chifu, siku watakuletea sahani ya weye, tutaiacha baridi." Mkuu wa kituo hakurudi tena kwenye habari hiyo.

Sasa nieleze habari ya gololi, maana ndiyo iliyompa sifa mpaka Kamanyola.

Sisi tunapiga picha tu. Anayezisoma ni daktari mmoja wa Bukavu, ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Klishe, yaani picha zenyewe, zinawekwa kwenye bahasha, bahasha anapewa dereva wa basi, na baada ya siku kadhaa jibu linarudi na dereva huyohuyo. Mwanzoni majibu yalitutesa. Daktari aliandika kwamba ameona doa la mviringo, mama arudi apigwe upya. Mama anarudi kutoka Mutarule, amepanda pikipiki saa mbili kwenye vumbi, hajalala juma zima, kisha tunakuta doa ni chuchu yake mwenyewe iliyojikunja chini ya sahani, ama ni kidonda cha ndui kilichopona tangu utoto. Mama Picha alikasirika kama vile yeye ndiye aliyepanda pikipiki.

"Kwa Bukavu dokita haone muntu," aliniambia. "Anaona picha tu. Sasa sisi tumuambie kwa picha: hapa iko chuchu, hapa iko kovu, usitie bantu woga."

Alikuwa amesoma kwamba kwingine kuna vibandiko vyenye chembe ya chuma, vya kubandika kwenye ngozi, ambavyo huonekana kwenye klishe. Tuliomba. Tulisubiri. Hatukupata. Basi akaenda kwa fundi wa baiskeli pale karibu na soko, akaomba gololi ndogo kuliko zote, zile za ndani ya gia ya nyuma. Akazichemsha, akazipangusa kwa spiriti, akabandika moja juu ya kila chuchu kwa sparadra, ile plasta ya vidonda. Kwa makovu alitumia waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Waya ulionyooka ulikuwa kovu. Waya uliokunjwa duara ulizunguka ndui au alama ya kuzaliwa. Na kama mama alisema, "Hapa nasikia kintu," waya ulikunjwa pembetatu ukawekwa palepale kidole chake kilipoonyesha.

Bahasha ya kwanza yenye alama hizo ilimfanya daktari wa Bukavu apige simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipokea mimi. Aliuliza kwa sauti ya upole sana huyu mama alipigwa risasi lini, na ilikuwaje risasi mbili zikampata pande zote mbili kwa usawa namna ile. Nilimpa Mama Picha simu. Alieleza gololi, fundi, gia ya nyuma. Upande wa pili tukasikia mtu mzima akicheka mpaka anakohoa. Kuanzia hapo kila bahasha ilikwenda na karatasi yenye maelezo ya alama, na majibu ya "mama arudi" yakapungua hadi tukasahau namna ya kuyatangaza.

Fundi wa baiskeli ndiye aliyebaki na mashaka. Kila mwezi Mama Picha alimwendea kuomba gololi tano, kwa sababu hakupenda kurudia zilizokwaruzika. Fundi hakujua za nini. Siku moja alishindwa kuvumilia. "Mama, hii kinga yako iko naharibika kila mwezi, juu ya nini hauileti niitengeneze?" Kinga kwetu ni baiskeli, na Mama Picha hakuwa na baiskeli. Alimjibu kwa heshima kuu kwamba kinga yake ni ya aina nyingine. Fundi akamwonea huruma, akaanza kumwekea gololi kwenye kopo la maziwa, bure.

Alikuwa mkali kwa poda. Wanawake wa kwaya walipokuja, walikuja wamejipaka poda nyeupe shingoni na deo kwapani kama wanaenda kuimba harusini, na vitu hivyo vinatoa chembechembe kwenye picha, chembe zinazofanana na ugonjwa wenyewe. Mama Picha alikuwa na beseni na sabuni ya kipande. "Poda hatuitume Bukavu," alisema, na kumsugua shemasi mwenzake kwapani bila kujali cheo.

Medali zilimshinda zaidi. Wamama wa bondeni, Wakatoliki, wengi wao huvaa medali ya Bikira Maria shingoni tangu ubatizo, na kuivua ni kama kumfukuza Bikira nyumbani. Mmoja alikataa katakata. Mama Picha, ambaye ni Mprotestanti hadi kwenye kucha, alijadiliana naye nusu saa, akashindwa, akapiga. Jibu la Bukavu lilisema, "Mama Maria anaonekana vizuri sana. Naomba sasa nione kilicho nyuma yake." Yule mama alipoisikia barua hiyo alifurahi kwamba Bikira ameonekana hadi Bukavu, akavua medali mwenyewe, akampa Mama Picha amshikie. Ningependa mngemwona shemasi yule amesimama nyuma ya kioo cha kujikinga, ameibana medali kifuani kwa mikono miwili, asiangushe kitu cha watu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote tulilifanya mimi na yeye pamoja, na lilitokana na desturi yetu wenyewe.

Mama mmoja wa Runingu alikuja, mke wa mchungaji. Tulimuuliza kama ana kovu. Akasema hana. Alama zikawekwa kwenye chuchu tu, picha zikaenda. Jibu likarudi kwamba kuna chembe nyingi, zimejipanga vibaya, aende Bukavu haraka akatolewe nyama kwa sindano. Yule mama alikwenda nyumbani akajua amekwisha. Hakulia. Alifungua sanduku akagawa vikwembe vyake vyote, vya wifi, vya wakamwana, vya jirani, kila kimoja na maneno yake ya kuaga. Kisha akaja kwetu kuchukua karatasi ya safari, na Mama Picha, kwa kubahatisha tu, akaomba kumwangalia tena kwenye mwanga wa dirisha.

Chini ya titi, pale mkunjo unapoficha, zilikuwepo chale. Vikato vidogo vyeusi, safu kwa safu, vile tunavyoviita ndasago. Nyanya yake alimchanja akiwa mtoto, kwa sababu ya kikohozi, akamsugulia dawa na majivu ndani. Dawa ile ilikaa kwenye ngozi miaka arobaini ikimsubiri daktari wa Bukavu. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alitazama chini. "Bwana yangu iko muchungaji," alisema. "Kila Siku ya Mungu anasema mambo ya wafumu ni ya Shetani. Minye nitasema nini?" Mufumu kwetu ni mganga.

Tulipiga upya, waya juu ya kila safu. Jibu likarudi safi. Yule mama alifurahi siku moja, na siku ya pili akaanza kazi ya kuomba vikwembe vyake. Wifi mmoja alikuwa amekwisha kushona gauni.

Mama Picha hakucheka hadithi ile hadi mwaka ukapita. Siku tulipopiga upya nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mgonjwa, miwani mapajani. Alisema, "Tulimuuliza vibaya. Ukimuuliza muntu kama aliendaka kwa mufumu, atasema hapana. Hata minye ningesema hapana." Niliyasikia maneno hayo ya mwisho kwa masikio yangu mawili, na sikuyatia akilini. Nilikuwa napanga bahasha.

Kuanzia juma lile akapata swali jipya. Mama akishafungua dirisha moja, na gololi ikishabandikwa, Mama Picha alishusha ile sauti ya kukodi na kuuliza, "Mama, koko yako alikupenda?" Koko ndiye nyanya, mama wa mama au wa baba. Mwanamke alishangaa kidogo, kisha tabasamu likamjia, kwa sababu kila mtu ana jambo la kusema juu ya nyanya yake. "Alinipenda." Naye akauliza, "Alikupenda fasi gani?" Fasi ni mahali, na mkono ukainuka wenyewe kuonyesha zilipo chale. Wa milimani waliinua, wa bondeni waliinua, wake za wachungaji waliinua. Mmoja alipendwa tumboni, mwingine mgongoni, na hizo hazikuhusu picha yetu, lakini alizionyesha hata hivyo, na Mama Picha alizitazama zote kwa heshima.

Hakumwambia mtu yeyote, hata mara moja, kwamba chale ni ushamba. Hapo ndipo alipokuwa ananichanganya. Maana Alhamisi, kwenye mkutano wa wanawake kanisani kwetu, alisimama mbele kwa sauti ya barabarani akawakemea wafumu na wateja wao mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Nikimuuliza kuhusu thamosi ya mubirizi, alisema hilo ni jani, na jani Mungu aliliumba siku ya tatu. Nikimuuliza mbona nyuma ya pazia hawakemei, alisema pale si kanisani. Alikuwa na jibu la kila kitu, mtu yule.

Alikuwa na tabia nyingine ambazo nilizicheka bila kuzielewa. Aliwaambia wanawake wasione aibu, miili yote ni ya Mungu mmoja, naye akibadilisha nguo ya kazi alijifungia kwa ufunguo na kusukuma kiti mlangoni. Kwenye ubatizo wa kina mama ziwani, wengine walipobadilisha nguo nyuma ya vikwembe vilivyoshikwa na wenzao, yeye alirudi nyumbani na maji yanamdondoka. Nilimtania kwamba anaficha dhahabu ya machimbo ya Misisi. Alicheka. Alicheka kidogo kuliko kawaida yake.

Magoti yalipomshinda alistaafu. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa amenifundisha kupiga, akinisimamia begani na kunikosoa hata namna ya kupumua. Siku ya kuondoka alinikabidhi kopo la maziwa lenye gololi, kipande cha waya, na taulo. "Thamosi naenda nayo," alisema. "Tafuta yako." Nilimwambia hajafanya picha. Akaniambia juma lijalo.

Ilipita miezi saba.

Asubuhi moja ya Jumatano nilisikia kitu cha ajabu kwenye benchi la kungojea, nikatoka kuangalia. Nilichosikia ni ukimya wake. Mama Picha alikuwa ameketi kwenye foleni na wanawake wengine, namba mkononi, thamosi miguuni, hasemi neno. Watu wawili walimsalimia akaitikia kwa kichwa. Hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu yule asingenyamaza bure. Nilitaka kumwingiza mbele. Akakataa kwa mkono, akangoja zamu yake.

Ndani alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe. Nilitandaza taulo la moto kwenye sahani huku ananitazama, na nilijua kwamba anahesabu muda. Niliandika jina lake kwenye rejista.

"Kuna fasi unasikia kitu?" nilimuuliza.

Alionyesha kwa kidole, upande wa kushoto, juu kidogo. "Iko hapa. Tangu wakati wa mahindi."

Nilikunja waya pembetatu nikauweka chini ya kidole chake. Wakati wa mahindi ulikuwa umepita zamani. Nilitaka kumgombeza, na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kubandika sparadra.

"Una kovu lolote?"

"Hapana."

Alijibu haraka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebana ubavuni, kanzu imekamatwa kwa vidole vinne. Ndipo nikakumbuka kiti kilichosukumwa mlangoni, na maji yaliyokuwa yakidondoka njiani kutoka ziwani, na yale maneno, hata minye ningesema hapana. Niliona haya kwamba miaka tisa nimekaa karibu naye nikimcheka tu. Ningeweza kupiga hivyohivyo na kumhifadhia siri yake. Lakini daktari wa Bukavu angeona chembe na pembetatu pamoja, asingejua kipi ni kipi, na muda wa kumrudisha na kumpiga upya hatukuwa nao.

Nikashusha sauti. Sikuwa na sauti ya kukodi, nilitumia yangu.

"Mama Picha, koko yako alikupenda?"

Nje mtu alikuwa anamwita muuza ndagala.

"Weye mutoto," alisema, "uko naniibia maneno yangu."

Nilichukua waya na mkasi.

"Alinipenda," akasema. "Alinipenda sana." Na mkono ukainuka.

Zilikuwa safu tatu, nyeusi, zimenyooka vizuri, kutoka kwapani hadi chini ya titi. Nyanya yake alikuwa na mkono wa fundi. Aliniambia alikuwa mtoto wa miaka sita, pumzi inamkatika, wakadhani hataona asubuhi, na nyanya alimpakata usiku ule na wembe na dawa yake, akilia, akichanja. "Na minye kila Alhamisi nasimama kuwatukana batu kama ye," alisema. Machozi yalimtoka bila sauti. "Niliogopa mutaniona. Weye unasali kwetu."

"Dokita wa Bukavu haulizake muntu anasali wapi," nikamwambia. Nilikata vipande vitatu vya waya, kila kimoja kwa kipimo cha safu yake, nikavibandika taratibu kama alivyonifundisha.

Kisha nikashusha sahani.

"Ayii! Mama yangu! Inaumia!"

"Haiumize," nikasema nyuma ya kioo. "Inafinya tu. Minye mwenyewe nilishafanya."

"Muongo weye!"

"Usicheke. Usipumue."

Akakaza uso, akazuia pumzi, na mimi nikabonyeza nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Nikamwambia pumua. Alipumua kwa ile sauti ya barabarani, na mlinzi wa geti akauliza kuna nini.

Barabara ya kupitia Kamanyola ilifungwa siku kumi na mbili kuanzia juma lile. Jibu lilipofika, nililisoma nimesimama karibu na basi. Daktari aliandika kwamba mistari mitatu ameielewa, ni ngozi, haina neno. Ndani ya pembetatu kuna kitu. Ni kidogo bado. Kitolewe mara moja, kusisubiriwe.

Hakusubiri. Alipelekwa Bukavu na basi lililoleta barua, akafanyiwa upasuaji, akakaa huko kwa matibabu muda mrefu, na nywele zake zikaondoka zikarudi nyeupe. Alhamisi moja alionekana tena kanisani. Walimpa nafasi ya kusema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumkemea mtu. Aliwaambia wanawake waende wakapimwe, halafu akaongeza, mbele ya mchungaji na wazee wote, "Inaumia. Tusidanganyane. Inaumia muda wa kuhesabu mupaka nane." Juma lililofuata benchi letu halikutosha.

Mwezi uliopita alikuja kwa picha ya kufuatilia. Aliingia akalalamika kwamba taulo halina joto la kutosha, na kwamba kuku kwenye pazia wamefifia. Nilifungua mdomo nimuulize lile swali, kwa mazoea tu, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. Chale za nyanya zilikuwa palepale. Juu yake kulikuwa na kovu jipya, refu, la rangi ya waridi.

"Hizi tatu ziko za koko," alisema. Akashika kidole changu akakiweka kwenye lile jipya. "Hii iko ya weye."

Nilipima kovu, nikakata waya.